Sexton, Carter, Donoghue au Oyeyemi: uanze na nani kwenye ngano zilizosimuliwa upya?

Ukitaka kuingia kwenye ngano zilizosimuliwa upya, yaani hawa waandishi wa miaka ya karibuni waliozichukua Cinderella, Snow White, binti wa kofia nyekundu na wenzao wakazifanya stori na mashairi ya watu wazima, tatizo la kwanza ni wingi. Kila ukiuliza unatajiwa jina jipya, na bei ya vitabu vyenyewe hairuhusu ununue vinne kwa mpigo ndo uje uone kipi kimekushika. Kwa hiyo nimewaweka pamoja wanne ambao naona watu wanakwama sana kati yao: Anne Sexton na Transformations (1971), Angela Carter na The Bloody Chamber (1979), Emma Donoghue na Kissing the Witch (1997), na Helen Oyeyemi na Boy, Snow, Bird (2014). Mmoja ni mashairi, wawili hadithi fupi, mmoja riwaya. Sexton Mmarekani, Carter Mwingereza, Donoghue mzaliwa wa Dublin, Oyeyemi kazaliwa Nigeria akakulia London.

Vyote ni vya Kiingereza na hakuna hata kimoja cha watoto. Hili naliweka juu kabisa kwa sababu mtu akiona jina la Cinderella ndani au picha ya mbwa mwitu kwenye kava anaweza kudhani amempatia mwanae zawadi, tafadhali usifanye hivyo.

Vigezo nilivyotumia

Nimewapima wote kwa mambo yaleyale. Kwanza umbali, ngano ya zamani inabaki kiasi gani, je unaitambua au imegeuzwa mpaka unaitafuta kwa tochi. Pili sauti, nani anasimulia, maana kwenye kazi za namna hii hilo ndo linabeba kila kitu kingine. Tatu lugha, Kiingereza chake chepesi au cha kukaa nacho na kamusi. Nne muda, unaweza kusoma kipande jioni ukalala au lazima uende nacho wiki nzima. Tano uzito, kuna mambo gani ndani ambayo msomaji anastahili kujua mapema. Alafu ndo niseme anamfaa nani.

Kitu kimoja cha kujua kabla hatujaanza, maana kuna watu wanaona kusimulia upya ni kuharibu urithi. Hizi ngano hazikuwahi kukaa sehemu moja. Charles Perrault alizichapisha za kwake Ufaransa mwaka 1697, na kwake binti wa kofia nyekundu analiwa na mbwa mwitu na stori imeishia hapo, hakuna wa kumtoa tumboni. Mwindaji wa kumwokoa tunamkuta kwa ndugu Grimm, Ujerumani, ambao toleo lao la kwanza lilianza kutoka 1812. Na hao Grimm nao walikuwa wanabadilisha: kwenye toleo la 1812 anayetaka Snow White auawe ni mama yake mzazi kabisa, lakini 1819 wakamgeuza kuwa mama wa kambo, kwa vile mama mzazi kumwonea wivu bintiye mpaka kutaka kumuua ilikuwa nzito mno kwa kitabu cha familia. Kwa hiyo Sexton na wenzake wanaendeleza kazi iliyokuwa inafanyika siku zote, tofauti ni kwamba wao hawajifichi.

Anne Sexton, Transformations

Umbali: mdogo sana. Yana mashairi 17, yote kutoka Grimm, na matukio yanaenda karibu vilevile. Cinderella kuna majivu, kuna kaburi la mama, kuna njiwa, na wale dada mmoja anakata kidole cha mguu mwingine kisigino ili kiatu kiingie, kama ilivyo kwa Grimm. Alichobadilisha Sexton ni kinachokuja kabla na baada. Karibu kila shairi linaanza na utangulizi wa maisha ya siku zake, Marekani ya katikati ya karne ya 20, alafu ndo inaingia ngano. Kwenye Cinderella anaanza na zile habari za magazetini, fundi bomba mwenye watoto kumi na wawili anayeshinda bahati nasibu, mfanyakazi wa kulea watoto anayeolewa na kijana wa nyumba, mama wa usafi anayepata ajali ya basi akalipwa bima nono. Anakuhesabia moja baada ya nyingine mpaka unaelewa kwamba hii ndoto ya kuokotwa kutoka jalalani bado tunauziwa kila siku. Na mwisho wake, ile ndoa ya raha mustarehe, kaigandisha: bibi na bwana kama wanasesere ndani ya kabati la kioo, hawazeeki, hawagombani, na hawaishi.

Sauti: mchawi wa makamo, ambaye ni Sexton mwenyewe, anajitambulisha hivyo kwenye shairi la kwanza. Ni sauti ya shangazi aliyeona mengi na hana muda wa kukupamba. Wazo lenyewe lilianzia kwa binti yake Linda aliyekuwa akizisoma ngano za Grimm, na kitabu amemtunukia yeye.

Lugha: sentensi fupi, maneno ya kawaida, ila kumejaa majina ya vitu vya Marekani ya miaka ile, maduka, vyakula, dawa, na vingine vitakupita. Vikikupita usijali, mwendo unakubeba. Hakuna vina wala mizani, ni mashairi huru, kwa hiyo kama ulishazoea njia aliyofungua Kezilahabi na diwani yake Kichomi mwaka 1974 hutashangaa chochote, lakini kama kwako shairi bila arudhi si shairi basi utapata shida na huyu mama.

Muda: shairi moja dakika kumi.

Uzito: shairi la mwisho, Briar Rose, yule binti aliyelala miaka mia, linamalizikia kwa baba anayemwingilia mwanae usiku. Limeandikwa kwa namna ambayo mtu aliyepitia jambo kama hilo litamgusa vibaya, na inabidi ajue kabla hajafika pale. Sexton aliugua akili kwa miaka mingi na alijiua 1974, na maumivu yake yamo humu, usitegemee kicheko kitupu japo kuna sehemu nyingi utacheka.

Anamfaa: mwenye muda kidogo, anayezijua ngano tayari, anayependa kusikia mtu akisema ukweli kwa ufupi. Na washairi. Kwa mshairi kile kitendo cha kuweka utangulizi wa leo mbele ya ngano ya kale ni mbinu unayoweza kuichukua kesho asubuhi ukaijaribu.

Angela Carter, The Bloody Chamber

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo kitabu kinachotajwa kuliko vyote, na pia ndo kinachoachwa katikati na watu wengi.

Umbali: wa kati, na unabadilikabadilika. Kuna hadithi 10. Carter alikuwa ametafsiri ngano za Perrault kwa Kiingereza, zikatoka 1977, miaka miwili kabla ya hiki, kwa hiyo alikuwa anaijua mifupa ya kila ngano. Anaishika mifupa anabadilisha nyama. Ile ya kwanza, iliyokipa kitabu jina, ni yule bwana wa ndevu za buluu anayeua wake zake na kumpa mke mpya funguo zote akimkataza chumba kimoja. Kwa Perrault binti anaokolewa na kaka zake wawili wanaofika mbio na panga. Carter kawaondoa kaka kabisa. Kwake binti ana miaka 17, anapiga piano, kaolewa na tajiri mwenye kasri pwani ya Ufaransa linalozungukwa na maji ya bahari yakijaa, na siku moja akiongea na mama yake kwenye simu anaangua kilio, akiulizwa analilia nini anasema mabomba ya bafuni ni ya dhahabu. Mama huyo haamini hata kidogo kwamba kuna mtu duniani anaweza kulia kwa sababu ya mabomba ya dhahabu, anajua mwanae yuko matatani, anapanda treni, na anatokea dakika ya mwisho juu ya farasi katikati ya maji, sketi kaipandisha kiunoni, bastola ya marehemu mumewe mkononi. Hakuna tukio kwenye vitabu vyote vinne ninalolipenda kama hili. Angalia alichokifanya: kambadilisha mwokozi tu, na stori nzima ikageuka kuhusu mama anayemsikia mwanae hata kwenye uongo mdogo wa simu.

Alafu anakupa ngano moja mara mbili. Binti mrembo na mnyama zipo mbili zimefuatana, ya kwanza mnyama anageuka mtu kama tulivyozoea, ya pili msichana aliyepotezwa na baba yake kwenye karata ndo anageuka mnyama, na anaona afadhali. Za mbwa mwitu ziko tatu. Ukizisoma kwa kufuatana ndo unaelewa kitabu kinafanya nini, kinauliza hivi huyu msichana yeye mwenyewe alikuwa anataka nini, swali ambalo Perrault hakuwahi kumuuliza.

Na kuna ya paka mwenye buti, yule paka mjanja wa Perrault anayemtajirisha bwana wake maskini, na hii wasomaji wetu wa pwani naomba muisome kwa makini. Edward Steere, mmisionari Mwingereza, alipochapisha mwaka 1870 hadithi za Kiswahili alizokusanya Unguja, mojawapo ilikuwa ya Sultani Darai, ile ya maskini aliyekuwa akichakura jaani akaokota thumuni akanunua paa, na paa yule akamtafutia mke binti wa sultani, akamuua nyoka wa vichwa saba, akampatia nyumba na mali. Ni ndugu yake kabisa na paka wa Perrault. Ila paka wa Perrault anaishia kuwa bwana mkubwa anayekamata panya kwa kujifurahisha tu, wakati paa wa kwetu anaugua, yule aliyemtajirisha anaamuru apewe uji wa mtama, paa anakufa kwa uchungu na kutupwa kisimani, na kesho yake bwana anaamka yuko jaani anachakura kama zamani. Carter kampeleka paka wake Bergamo, Italia, kamfanya msimulizi mwenyewe, mropokaji, mshenzi kidogo, anayemtafutia bwana wake mpenzi na yeye kujitafutia wake. Ukiziweka tatu hizi pamoja unaona ngano moja inavyoweza kusema mambo matatu yasiyofanana: ujanja unalipa, shukrani ikikosekana kila kitu kinaondoka, na raha ya kuishi ni raha yenyewe. Ya kwetu bado ndo kali kuliko zote, nasema hivyo bila kusita.

Sauti: inategemea hadithi, nyingine binti anasimulia, nyingine msimulizi wa nje, nyingine paka.

Lugha: ngumu. Sentensi ndefu zenye vito, maua, harufu, damu, Kifaransa cha hapa na pale. Hapa ndo watu wanakwama, wanaanza na ile ya kwanza ambayo peke yake inakula zaidi ya robo ya kitabu, wanachoka. Ushauri wangu anza na The Werewolf ambayo ni kurasa chache mno, kisha The Company of Wolves, kisha paka, ndo urudi mwanzo.

Muda: ukiondoa ile ndefu, kila moja ni jioni moja.

Uzito: mapenzi yamo waziwazi, ukatili upo, na The Snow Child ina tendo la kutisha kwa maiti. Ni fupi mno ila haisahauliki.

Anamfaa: anayependa lugha yenyewe, anayefurahia kurudia sentensi. Mwanafunzi wa fasihi pia, kwa sababu makala na tasnifu kuhusu kitabu hiki ni nyingi na hutakosa cha kujibishana nacho. Hakimfai mtu anayetaka stori iende haraka.

Emma Donoghue, Kissing the Witch

Umbali: mwanzoni mdogo, mwishoni mkubwa. Kila hadithi unaitambua mara moja, alafu kwenye kona ya mwisho inakata njia nyingine. Zipo 13, na kila moja imepewa jina la kitu: kiatu, ndege, waridi, tufaha, nywele, sauti na kadhalika. Ya mwisho, ya busu, haijatoka kwenye ngano yoyote maarufu.

Sauti: hapa ndo penye uzuri wake. Kila hadithi inasimuliwa na mwanamke mmoja, na ikifika mwisho anamgeukia mwanamke mwingine aliyemo ndani ya hadithi hiyo, mara nyingi aliyemsaidia au aliyemwogopesha, anamuuliza wewe kabla ya hapa ulikuwa nani, na hadithi inayofuata ni jibu. Kwa hiyo Cinderella anamuuliza yule mama aliyemvalisha, yeye anasimulia yake, na ndani yake kuna mwingine anayeulizwa, hivyohivyo unarudi nyuma mpaka ya kumi na tatu, ambapo mnyororo unaachwa mikononi kwa msomaji. Ukishasoma hivyo huwezi tena kumwangalia mchawi wa ngano yoyote bila kujiuliza huyu alipitia nini hadi kufika hapa. Na hata uovu kausogeza: kwenye hadithi ya kiatu hakuna mama wa kambo anayemtesa binti, zile kelele za kumwamrisha fagia, sugua, wewe hufai, ziko kichwani mwake mwenyewe baada ya kufiwa na mama yake. Mimi sijaona maelezo ya msiba yaliyo sahihi zaidi ya hapo kwenye ngano.

Lugha: safi, tulivu, rahisi kuliko wote wanne. Mwanafunzi wa sekondari anayejiweza Kiingereza ataielewa.

Muda: mfupi kwa kila moja, lakini usiruke, soma kwa mpangilio, vinginevyo mnyororo unakatika na nusu ya maana inapotea.

Uzito: baadhi ya wanawake humu wanapendana wao kwa wao, Cinderella anakitupa kiatu kilichobaki anaondoka na yule mama aliyemvalisha, na kwenye ile ya waridi mnyama aliye nyuma ya kinyago ni mwanamke. Nasema waziwazi ili kila mtu aamue mwenyewe, na anayepanga kuifundisha darasani ajue.

Anamfaa: anayeanza kabisa, anayependa hadithi zilizounganika, na anayekumbuka bibi anavyosimulia, maana huku kusimulia kunapokezanwa mdomo kwa mdomo.

Helen Oyeyemi, Boy, Snow, Bird

Umbali: mkubwa kuliko wote. Hii ni riwaya ya kama kurasa 300, inaanza 1953, msichana anaitwa Boy anamkimbia baba yake mkatili New York, anayefanya kazi ya kuua panya, anafika mji mdogo wa Massachusetts, anaolewa na mjane Arturo Whitman mwenye binti mzuri kupita kiasi anayeitwa Snow. Mpaka hapo unaona mama wa kambo anatengenezwa mbele ya macho yako. Alafu Boy anajifungua binti, Bird, na mtoto ni mweusi, na ndo inajulikana kwamba familia ya Whitman ni Wamarekani weusi wenye ngozi nyeupe waliokuwa wakiishi kama wazungu. Haiwezekani kuzungumzia kitabu hiki bila kutaja hilo, kwa hiyo sikuharibii. Snow anaondolewa nyumbani, na Snow si wa kwanza: shangazi yake Clara naye aliondolewa utotoni kwa sababu ngozi yake haikuficha siri.

Sauti: Boy kwanza, kisha Bird akiwa msichana, pamoja na barua kati yake na Snow, kisha Boy tena.

Lugha: si ngumu, ina uchangamfu, ila inaficha mambo, na vioo humu havifanyi kazi kama vinavyotakiwa, kuna siku Bird hajioni kwenye kioo kabisa na hupewi maelezo.

Muda: wiki, hata zaidi.

Uzito: ukatili wa mzazi, ubaguzi wa rangi, na sehemu ya mwisho kuna ufunuo kuhusu baba yake Boy unaogusa mambo ya jinsia ambao wasomaji wengi wameulalamikia. Na mimi pia naona mwisho ule umeharakishwa, mambo makubwa vile yalihitaji kurasa nyingi zaidi.

Anamfaa: mpenzi wa riwaya, na mtu yeyote aliyewahi kusikia kwenye familia yake mtoto mweupe akisifiwa mbele ya mwenzake mweusi. Swali la kioo, nani mzuri kuliko wote, huku limeulizwa pale linapouma hasa, na sisi huku tunaoona krimu za kujichubua zikiuzwa madukani tunajua linavyouma.

Wote wanne mbele ya kioo kimoja

Bahati nzuri wote wanne wamemgusa Snow White, kwa hiyo kama bado unasita hii ndo njia ya kuwapima kwa haki. Kwa Sexton ngano inaenda hadi mwisho, malkia anacheza na viatu vya chuma cha moto mpaka anakufa, na katikati ya shangwe zile Snow White ameshashika kioo anajitazama, yaani malkia mwingine anaanza. Kwa Carter, The Snow Child, bwana ndo anatamani msichana mweupe kama theluji, mwekundu kama damu, mweusi kama unyoya wa kunguru, na msichana anatokea. Mkewe juu ya farasi anaona nguo zinamtoka mwilini zinahamia kwa yule mgeni kadiri mapenzi ya bwana yanavyohama. Ushindani wa wanawake wawili una mtu anayeuendesha, na kakaa juu ya farasi kimya. Kwa Donoghue, hadithi ya tufaha, binti anasimulia mwenyewe, mama wa kambo hamzidi sana umri, na binti akizinduka kwenye jeneza haendi kwa mwana wa mfalme. Oyeyemi kamwachia mama wa kambo azungumze mwanzo na mwisho wa kitabu, na unamwelewa, na bado alichomfanyia mtoto wa watu ni kibaya.

Soma hizo tatu fupi jioni moja na sura ya kwanza ya Oyeyemi kesho yake. Utakayemfikiria zaidi ukiwa kwenye daladala ndo wa kununua kitabu kizima.

Kwa hali yako

Kama Kiingereza chako bado kinakua, Donoghue, kisha Sexton.

Kama unaandika mashairi, Sexton, na ukimmaliza mtafute Carol Ann Duffy, The World's Wife (1999), inayoanza na shairi la binti wa kofia nyekundu.

Kama mna kundi la kusoma vitabu mnaokutana mara moja kwa mwezi, Oyeyemi ana ugomvi wa kutosha kwa saa tatu, ila kundi likiwa la watu wenye shughuli nyingi Carter ni bora, kila mtu apewe hadithi yake aje aieleze. Kwa Carter msikutane bila mtu mmoja kusoma Perrault au Grimm kabla, mtakosa raha yote.

Kama ni mwalimu, chagua hadithi moja moja usichukue kitabu kizima. The Werewolf ya Carter na Cinderella ya Sexton zinaweza kukaa kipindi kimoja na wanafunzi wakubwa, na ukiweza kuwapa na Sultani Darai pembeni wataona haraka kwamba kusimulia upya si jambo la Ulaya peke yake.

Kama umetoka kwenye msiba au jambo zito la familia, muache Sexton na Oyeyemi kwa sasa. Donoghue ana upole, na paka wa Carter atakuchekesha.

Na kama lengo lako ni kuandika ngano yetu upya, wa kujifunza kwake inategemea unataka kugeuza nini. Ukitaka kubakiza matukio na kubadilisha macho, Sexton. Ukitaka kumng'oa mtu mmoja na kuweka mwingine mahali pake, Carter. Ukitaka kumpa nafasi yule aliyekuwa anatajwa tu bila kuulizwa, Donoghue. Ukitaka kuihamishia ngano mjini, kwenye mwaka fulani na familia fulani yenye siri, Oyeyemi. Mimi ningeanzia na yule mke wa Sultani Darai, yaani wa yule maskini aliyetajirishwa na paa, aliyekuwa anaona paa anaugua chini na mumewe anakataa hata kushuka kumwangalia. Bado sijaona mtu aliyemwachia asimulie yeye.